Akiba ya Maneno Matano

Mkono uliomshika Lonnie Hruska begani wiki iliyopita, pale ujiani mwa mahakama ya kaunti, haukuwa mkono wa askari.

Ulikuwa mkono wa Gus Tamburro.

Lonnie aliujua kabla hajageuka. Mkono huo ulimfunga bendeji vifundo vya miguu misimu kumi na mitatu, ukamkanda mgongo, ukamwinua kutoka kwenye nyasi mara asizoweza kuzihesabu. Gus alikuwa tabibu wa timu ya Mabaharia wa Erie siku zile Lonnie alipokuwa mrushaji wao, yule anayepokea mpira wa ncha mbili kabla ya wote na kuamua uende kwa nani. Sasa Gus ana miaka sabini na moja, na anawafunga bendeji vijana wa sekondari ya Brannock, mji wao.

"Usigeuke upesi," Gus alisema. "Mwanao yuko pale kwenye mashine ya kahawa. Nimekuletea ufunguo."

Alichotoa ndani ya koti hakikuwa ufunguo. Kilikuwa bahasha ya kahawia, nene, inayonuka gereji.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, shika hili moja. Saa nne kamili asubuhi hiyo Corinne Hruska, binti wa pekee wa Lonnie, alikuwa anakwenda kumwomba jaji amkabidhi baba yake, kama mtu anavyokabidhiwa mtoto. Jaji akikubali, Lonnie, mwenye miaka arobaini na tisa tu, hatashika tena usukani, hatalala tena katika nyumba yake ya Mtaa wa Calder, wala hatatia sahihi karatasi yoyote bila mtu kumsimamia. Chumba chake katika nyumba ya kulelea wagonjwa kilikuwa kimeshatandikwa. Dirisha la chumba hicho lilifunguka inchi nne, basi. Lonnie alilipima mwenyewe kwa kiganja.

Na yote hayo kwa sababu ya Jumapili moja ya Septemba. Siku hiyo aliendesha pikapu yake kwa muda wa saa mbili na nusu hadi Erie, akaegesha mahali uwanja wa Mabaharia ulipobomolewa, akakaa humo na mfuko wake wa viatu mapajani mpaka giza likaingia. Yeye alisema alikwenda kukumbuka. Corinne alisema alikwenda kucheza.

Usidhani binti huyu ni nyoka. Asubuhi hiyohiyo alifika Mtaa wa Calder saa moja, akamkaangia baba yake pierogi, yale maandazi madogo yaliyojazwa viazi, kwa kitunguu kingi, wakala, kisha akamfungulia mlango wa gari na kumleta mwenyewe mahakamani kushindana naye.

Lonnie alichungulia ndani ya bahasha. Karatasi kumi na moja. Alizitambua kama mtu anavyotambua makosa yake.

Kila Julai, siku ya kwanza ya kambi, Gus alimsomea kila mchezaji maneno kumi na mawili, akamwacha dakika ishirini, kisha akamwambia ayaandike. Karatasi iliingia kwenye faili pamoja na idadi aliyokumbuka, na orodha kamili ya Gus ikiwa nyuma yake. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu, alisomewa maneno mengine. Akishuka chini ya idadi yake ya Julai, alikalishwa benchi mpaka apone.

Sasa msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu aliyeandika saba mwezi wa Julai, akili zake timamu, anaweza kugongwa Novemba mpaka akasahau jina la mtaa wake, bado akaandika saba, na akarudi uwanjani. Kambi nzima ilijua mchezo huo. Waliuita kuweka akiba.

Lonnie aliweka akiba ya maneno matano. Saba kati ya kumi na mawili, miaka kumi na mmoja mfululizo.

"Daktari wao kakupa ngapi mwezi huu?" Gus aliuliza.

"Sita."

"Na hapa una saba tangu ujana. Saba mpaka sita, miaka yote hiyo. Huo si ugonjwa, Lonnie, huo ni uzee. Mimi mwenyewe nimeshuka kuliko hivyo na bado naachiwa mkasi. Mpe wakili wako, ukae kimya. Saa sita uko kwako na funguo za pikapu mfukoni."

"Lakini Gus, mimi nilikuwa nakumbuka yote kumi na mawili."

"Na nani anajua?"

Lonnie alifikiri. Gus alijua. Yeye mwenyewe alijua. Na mtu wa tatu alikuwa amesimama pale kwenye mashine ya kahawa, akimtilia baba yake vijiko viwili vya sukari.

*

Bi Imhoff, wakili kijana aliyepewa na mahakama, aliifungua bahasha kama mtu aliyeokota almasi kwenye takataka. Alimuuliza Lonnie kama karatasi zile ni zake. Lonnie akasema ndiyo. Hakuulizwa zaidi, naye hakusema zaidi.

Saa nne na nusu daktari aliyempima alikuwa kizimbani, miwani puani, akizipitia moja moja. Jaji Kocher alimsubiri. Mama huyu hakuwa mpenzi wa mpira, jambo ambalo Brannock ilimsamehe kwa shida.

"Kama ningeziona hizi mapema," daktari alisema, "ripoti yangu ingekuwa nyingine. Mtu aliyepata saba akiwa na miaka ishirini na saba, na leo amepata sita, siwezi kusema ameporomoka."

Lonnie akahisi mwanya ukifunguka mbele yake. Aliujua mwanya wa namna hiyo. Hukaa wazi sekunde mbili, na anayepita ndani yake hakamatwi.

Aliinamisha kichwa na kutazama miguu ya Fenwick, wakili wa Corinne. Mrushaji hasomi nyuso. Uso hudanganya, lakini mguu huelekea kule mwenyewe anakotaka kwenda. Viatu vya Fenwick vilikuwa vinarudi nyuma taratibu chini ya kiti. Mtu huyo alikuwa ameanza kushindwa.

Kwenye benchi la mwisho, Gus aliinua kidole gumba.

Fenwick akamwita Corinne. Binti aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa, akaeleza ya Erie. Akaeleza ya sufuria iliyoungua mpaka ikatoboka. Akaeleza jinsi baba yake alivyomwita Deirdre mara tatu kwa siku moja, na Deirdre ni mama yake, aliyezikwa miaka sita iliyopita. Hakulia. Alisema tu kwamba anaogopa simu ikilia.

Maneno hayo yalimchoma Lonnie, lakini hayakuuziba ule mwanya. Sufuria huungua kwa kila mtu. Karatasi kumi na moja zilikuwa juu ya meza ya jaji.

Ikawa zamu ya Bi Imhoff kuuliza.

Timu inayoongoza ikiwa imebaki dakika moja, mrushaji hupokea mpira, hupiga goti papo hapo, na saa inakwisha yenyewe. Lonnie alitamani kumvuta sketi wakili wake. Piga goti, dada. Acha saa iishe.

Bi Imhoff hakupiga goti. Alikuwa kijana, na ushindi ulikuwa umemkolea.

"Bi Hruska," alisema, "wewe umekulia mikononi mwa baba yako. Hebu tuambie, tangu utotoni mwako kumbukumbu yake ilikuwa kali sana, au ilikuwa hivihivi tu kama karatasi hizi zinavyoonyesha?"

Damu ikamkimbia Lonnie usoni.

Kwa maana ilikuwa hivi. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya ruhusa kutoka kambini, alikuja nyumbani na Corinne akamngoja mezani. "Baba, lete Julai," alikuwa akisema. Naye baba huleta. Maneno yote kumi na mawili, kwa mpangilio wake, huku mtoto akihesabu kwa vidole mpaka vidole vinakwisha anaendelea kwa pua na kidevu. Kisha humwonyesha yale aliyoyaweka akiba: la pili, la nne, la saba, la tisa, la kumi na moja. Namba hizo hazikutoka hewani. Ndizo namba za ishara alizowapazia wenzake akiwa na miaka kumi na sita, mechi ya kwanza aliyoishinda kwa ajili ya Brannock, na hakuzisahau.

Corinne wa miaka saba aliona hakuna baba mwerevu kama huyo duniani.

"Hii ni ya duara," Lonnie alikuwa akimwambia. Wachezaji kabla ya kila mpira hujikusanya kwenye duara, vichwa ndani, wakaambiana watakachofanya. "Na ya duarani?"

"Hayatoki duarani," mtoto hujibu.

Sasa mtoto huyo ana miaka ishirini na tisa, na mahakama nzima inamtazama.

Lonnie alitazama miguu ya binti. Haikumwelekea yeye. Haikumwelekea jaji. Vidole vya viatu vilikuwa vimeangaliana, kama alivyokuwa akisimama zamani akivunja kikombe.

Akingoja kusikia neno litakalofunga mlango, Lonnie alikumbuka dirisha la inchi nne.

"Baba yangu," Corinne alisema. "Baba yangu alikuwa msahaulifu tangu zamani. Tangu nikiwa mdogo. Ndivyo alivyo. Karatasi hizo ni za kweli."

Fenwick aliangusha kalamu.

Naam, ndugu msomaji. Binti aliyemburuta baba yake mahakamani alikuwa amekivunja kiapo chake mwenyewe ili amwachie. Kwa nini? Labda alimwona baba yake akiangalia chini kama mtu anayengoja kupigwa. Labda mkono ule uliomtilia sukari haukuweza kumfungia mlango. Lonnie hakuwa na muda wa kujua. Alijua kitu kimoja. Mwanya sasa ulikuwa wazi kabisa, mpana kama lango la ghala, na wa kukanyagwa ili apite alikuwa Corinne.

Atatoka hapa huru. Na kila simu ikilia, Corinne atajua ni nani aliyempa funguo za pikapu.

Akiba haiozi, husema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuweka ya namna hii.

Lonnie akainua mikono yote miwili na kugusa masikio yake.

Karani wa mahakama, mzaliwa wa Brannock, aliguna. Askari wa mlangoni akanyoosha shingo. Hakuna mtu wa mji ule asiyeijua ishara hiyo. Kwa misimu kumi na mitatu mrushaji wao aliitoa mbele ya watu elfu sitini alipoona adui amebadilika. Maana yake ni moja: sahauni tuliyopanga, nisikilizeni mimi.

Corinne aliiona. Alitikisa kichwa. Usifanye hivyo, baba.

Lonnie akasimama.

"Bwana Hruska, keti," jaji alisema.

"Mheshimiwa, mwanangu amesema uongo. Lakini uongo si wake. Ni wangu, yeye ameurithi tu."

*

Aliyasema yote. Kambi, Julai, dakika ishirini, akiba. Bi Imhoff alimvuta mkono wa koti mpaka mshono ukalia, naye hakunyamaza. Alipomaliza, alimwomba jaji amsamehe Corinne kwa dakika moja ya mapenzi yenye makosa.

Jaji Kocher alivua miwani. "Unaniambia uliandika saba kwa makusudi."

"Kila mwaka."

"Mtu yeyote anaweza kusema hivyo leo. Una nini cha kuonyesha?"

"Chukua karatasi ya kwanza," Lonnie alisema. "Usinionyeshe. Maneno niliyoyaacha ni sabuni, daraja, kofia, treni na kinu."

Jaji aliilinganisha karatasi ya miaka ishirini na miwili iliyopita na orodha iliyo nyuma yake. Akatazama tena. Maneno yalikuwa hayo, na kwa mpangilio huo.

Mnong'ono ulipita mabenchini. Kwa pumzi mbili Lonnie alikuwa tena na miaka ishirini na saba, mpira uko mkononi, na alidhani, maskini, kwamba ukweli nao huenda una mwanya wake.

Fenwick alikuwa amesimama. Miguu yake haikurudi nyuma tena.

"Mheshimiwa, namshukuru bwana Hruska. Kumbe hakuwa mtu wa saba. Alikuwa mtu wa kumi na mbili, na leo ni mtu wa sita. Kwa kinywa chake mwenyewe amepoteza nusu." Akamgeukia Lonnie, na sauti yake ikawa ya upole, na upole huo ndio uliotisha. "Hiyo sabuni ni ya miaka mingi, mzee. Ya zamani huwa hayatoki. Leo asubuhi umekula nini?"

"Mayai," Lonnie alijibu bila kusita.

Hakuna aliyecheka. Alimtazama Corinne, akamwona amefumba macho.

Ndipo ulimi wake ukagusa jino la nyuma, na ladha ya kitunguu ikamjia.

Alikaa chini. Hakuambiwa akae.

Jaji hakumtazama. Alikuwa ameanza kuzipitia karatasi moja moja, akihesabu kwa ncha ya kalamu. La pili, la nne, la saba, la tisa, la kumi na moja. Karatasi ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Ya nne.

"Nani alikufundisha haya?" aliuliza akiendelea kuhesabu.

Lonnie aligeuka nusu. Benchi la mwisho, viatu vya Gus vilielekea mlangoni, na kisigino kimoja kilikuwa kimeshainuka. Akimtaja, mzee huyu hatamfunga tena mtoto yeyote bendeji. Na hana kingine. Mke wake alikufa mwaka uleule aliokufa Deirdre. Ana vijana wa Brannock na gereji ya maboksi.

"Hakuna, mheshimiwa," Lonnie alisema. "Sisi wachezaji tunazaliwa nayo. Kama pua."

Kisigino cha Gus kikashuka.

"Karatasi kumi zinakubaliana na maneno yako," jaji alisema. "Hii ya kumi na moja haikubaliani. Hapa umeandika saba pia, lakini yaliyokosekana ni la tatu, la tano, la sita, la nane na la kumi. Kwa nini mwaka wa mwisho ulibadilisha?"

Lonnie alikwenda kichwani mwake kuitafuta Julai hiyo. Aliipata ya mwaka mmoja kabla, na mvua iliyonyesha juu ya mahema. Aliipata ya miaka miwili kabla. Alipofika penyewe, palikuwa kama pale Erie: lami tupu, mistari myeupe, uwanja haupo.

"Corinne," alisema, akisahau kwamba yuko mahakamani, "mwaka ule nilikuletea yapi?"

"Hukuleta, baba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuuliza, ukasema mwaka huo hawakuwapima. Nikadhani umeniona nimekua, mchezo umekwisha."

"Alikuambia kweli kama alivyodhani," sauti ilisema kutoka nyuma.

Gus Tamburro alikuwa amesimama, amelishika benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili. Askari alimsogelea. Jaji akamzuia kwa kidole.

"Akiba niliwafundisha mimi," Gus alisema. "Yeye na wenzake wote. Na hiyo karatasi ya mwisho hakuiandika yeye. Niliiandika mimi, nikaacha maneno matano ovyo ovyo. Sikudhani kuna mtu duniani atakayetazama yapi yamekosekana."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Alikaa na kalamu dakika ishirini. Nikajiambia ni joto, nikajiambia ni safari. Mechi ya kwanza ilikuwa wiki tano mbele na hatukuwa na mrushaji mwingine wa maana." Mzee aliliachia benchi. "Nikamwacha acheze Jumapili kumi na saba, mheshimiwa. Nilimhesabia zote. Alipoanguka niliinuka, nikamwinua, nikamwambia uko sawa."

"Na karatasi yake mwenyewe?"

Gus alitoa pochi. Kutoka nyuma ya picha ya mkewe akavuta karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake imeisha kama nguo. Askari aliipeleka mbele.

Jaji Kocher aliikunjua. Alikaa nayo muda mrefu kuliko zile kumi na moja zote kwa pamoja.

"Aliandika mangapi?" Fenwick aliuliza.

"Mistari kumi na miwili," jaji alisema. "Yote imejaa."

Hakuwaonyesha mawakili. Aliigeuza karatasi kuelekea kizimbani, alikokuwa Corinne.

Corinne alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akaacha kusoma, kwa sababu hapakuwa na haja. Mistari yote kumi na miwili ilikuwa na neno moja, na neno hilo lilikuwa jina lake.

Karatasi ilimfikia Lonnie mwisho. Mwandiko ulikuwa wake. Mkia wa herufi ya kwanza ulipinda kama yeye tu anavyoupinda. Aligusa wino kwa kidole, taratibu, kama mtu anayegusa jeraha la mtu mwingine. Siku ile haikuwamo ndani yake. Walimsomea maneno kumi na mawili, hakubaki nalo hata moja, na alipoambiwa aandike alichokuwa nacho aliandika hicho.

"Mlijua," alimwambia Gus, bila hasira. "Kumbe mlijua kabla yangu."

Gus alikaa, akaficha uso ndani ya kofia.

Bi Imhoff aliomba shauri liahirishwe. Fenwick akapinga, alisema hakuna kilichobaki kubishaniwa. Corinne alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyeleta ombi hili na sasa hajui tena anaomba nini. Wote watatu walisema kwa pamoja, na Lonnie aliwasikia kama mtu aliye chini ya maji.

Jaji aligonga meza mara moja.

"Mimi si daktari," alisema, "na nitakalofanya sasa halitaingia kwenye ushahidi. Lakini nimesoma karatasi kumi na mbili za mtu huyu. Kumi ni za hila, moja ni ya mtu mwingine, moja ni ya kweli. Kabla sijaamua atalala wapi leo, nataka kumsikia yeye mwenyewe, mara moja, bila akiba. Askari, funga mlango. Bwana Hruska, uko tayari?"

Lonnie alitaka kusema hapana. Kitasa cha mlango kililia nyuma yake.

"Niko tayari."

Jaji alichukua karatasi safi, akaandika, akasoma polepole. Maneno ya kawaida ya nyumbani na barabarani, moja baada ya jingine, na baada ya kila moja alingoja pumzi moja. Lonnie aliyapokea kama alivyopokea mpira, kwa mikono miwili, akiyabana kifuani. La kwanza alikuwa nalo. La pili alikuwa nalo. Lilipokuja la sita alihisi la kwanza linateleza.

Alimtafuta Corinne kwa macho. Zamani binti alihesabu kwa vidole, pua na kidevu, na baba akipotea hesabu humwonyesha kwa kope. Angeweza kumwonyesha hata sasa. Alikuwa hatua nne tu.

Corinne alikuwa ameketi juu ya mikono yake yote miwili, na uso ameugeuzia ukutani.

Jaji akasoma la kumi na mbili. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Haya. Yote uliyonayo."

Saa ya ukutani ilisikika. Lonnie aligusa masikio yake mawili, kwa mazoea tu. Hapakuwa na timu ya kumsikiliza. Kisha akafumba macho na kufungua kinywa.